Kabla Hujalipia Hiyo Darubini

Bahi, Dodoma

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia masomo hapo Chuo Kikuu cha Dodoma yanakwenda vizuri, na kwamba akiba yako unataka kuinunulia darubini ya kutazamia ndege. Wapo waliocheka hapa nyumbani. Mimi sikucheka. Ubwana shamba wangu wote niliupitisha nikifukuzana na ndege aina ya kwelea kwenye mashamba ya mtama na uwele, najua darubini mbovu inavyomtesa mtu.

Hiyo uliyonitumia picha yake, iliyoandikwa 30x60, mwachie mmachinga wake. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kitu kinachoenea kiganjani hakiwezi kuwa na vioo viwili vya milimita 60; chukua rula upime. Na hata ingekuza mara 30 kweli, hakuna mkono wa kuituliza. Ndege angekuwa anakutoka machoni kila unapopumua. Vile vioo vyekundu vinavyong'aa navyo visikuhadae: vinaurudisha wekundu nje, ndani unabaki na ndege aliyepauka kibluu.

Tafuta 8x25. Ukipata 8x32 kwa bei unayoimudu ni bora zaidi, ila mfukoni haitaingia. Watakushawishi uchukue 10x25 kwa kuwa kumi ni zaidi ya nane. Wewe gawa namba ya pili kwa ya kwanza. 25 kwa 8 ni milimita 3 na ushei, na huo ndio upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. Kwa 10x25 ni 2.5 tu. Juani mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo 8x25 inakutosha mchana kutwa. Alfajiri na magharibi mboni ikipanuka, darubini ndogo huzidiwa. Ungekuwa unasoma Morogoro na kupanda misitu ya Uluguru, ningekuambia ubebe 8x42 uvumilie gramu zake 700 shingoni. Lakini huku kwetu ni vichaka vya wazi na jua la kupasua mawe. Adui yetu ni joto. Simama ukingoni mwa mbuga ya Bahi au bwawa la Hombolo saa tano asubuhi wakati wa kiangazi, uangalie hewa inavyochezacheza juu ya tope. Ukikuza zaidi, unakuza na huo mchezo wa hewa.

Sasa nikuambie utakachokipata kwa mara 8. Wale kasuku wadogo wanaopiga kelele kwenye mibuyu, ambao kwa macho matupu ni vidoa vya kijani tu: utaona kichwa cheusi, mdomo mwekundu, kola ya njano, na duara jeupe lililozunguka jicho utadhani limechorwa kwa chaki. Hao asili yao ni Tanzania hii, na matundu ya mbuyu ndiyo nyumba zao. Yuko pia kuzi wa kijivu mwenye mkia mrefu. Watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kumwona, sisi tunampita njiani tukidhani ni ndege asiye na rangi. Mtazame jicho lake la manjano.

Dukani usiwe na haya. Toka nayo nje, uelekeze kwenye kibao cha mbali. Ukiona vibao viwili, au kichwa kikianza kukuuma baada ya dakika moja, mabomba yake hayako sambamba. Rudisha, maana hakuna fundi atakayekunyooshea kwa bei ya maana. Kisha ziba upande wa kulia, uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Ziba kushoto, ukamilishe la kulia kwa kile kipete cha pembeni. Wengi hawakigusi kamwe, halafu wanailaumu darubini. Nawe unavaa miwani, basi vile vipira vya machoni lazima vikunjike au vizame ndani, na picha ionekane yote bila kuvua miwani. Isipoonekana yote, hiyo si yako, hata wakikupunguzia nusu bei.

Chagua iliyozibwa isipitishe maji. Mvua kwetu ni ya kuhesabu, najua, lakini panapozibwa maji vumbi nalo halipenyi, na vumbi la Dodoma unalijua. Kioo usikifute kwa kanga wala shati. Lipulize vumbi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini; chembe moja ya mchanga inatosha kukichora.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kama mzazi. Dodoma ni makao makuu ya nchi. Usiielekeze darubini kwenye uwanja wa ndege, kambi za jeshi wala Ikulu ya Chamwino, hata kama mwewe wa ajabu ametua hapo juu. Na ukiingia kwenye mashamba ya watu, piga hodi na ueleze unachokitazama kabla hujaitoa mfukoni.

Ukipata nyingine, nitumie picha ya namba zilizoandikwa juu yake kabla hujatoa hata shilingi.

Mjomba wako