Miaka Yenye Majina

Mwaka 2013 bibi yangu, mwenyeji wa Chiwanda katika mwambao wa Ziwa Nyasa, alirudishwa kutoka dirisha la matibabu ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na kadi yake ilisema amezaliwa tarehe 1 Januari 1955. Tarehe hiyo hakuitaja yeye. Karani aliikadiria kwa kumtazama usoni, kwa kuwa bibi alipoulizwa mwaka alijibu kwa visa, na fomu haikuwa na nafasi ya visa.

Jioni ile nilimwomba anihesabie upya. Siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa, alisema, mama yako nilimbeba mgongoni, hajaanza kutembea. Mwaka wa Operesheni Vijiji alikuwa amekwisha kuvunja ungo. Vijana walipokwenda vita vya Kagera, kaka yako alikuwa ananyonya. Nikachukua karatasi: 1961, 1974, 1978. Visa vyote vilipatana. Kadi ndiyo iliyodai kwamba bibi alimzaa mama yangu akiwa mtoto wa miaka sita.

Darasani huwa nawafundisha wanafunzi habari za Walakota wa Amerika Kaskazini. Kila mwaka, uliohesabiwa kutoka theluji ya kwanza hadi theluji ya kwanza iliyofuata, mtunzaji alishauriana na wazee, wakachagua tukio moja, naye akalichora. Ile inayoitwa hesabu ya Lone Dog inaanzia 1800 hadi 1871. Novemba 1833 vimondo vilimiminika angani kwa wingi usio wa kawaida, na hesabu nyingi zinauonyesha mwaka huo kuwa mwaka wa nyota kuanguka. Kwa kuwa tarehe ya vimondo inajulikana kwingineko, mtafiti huishika picha hiyo kama nanga, kisha huhesabu picha kwenda mbele na kurudi nyuma.

Uhuru ulikuwa nanga ya bibi.

Sisemi kwamba kumbukumbu za namna hii hazina kasoro. Mwenye kuchagua tukio moja huacha mengine, na kijiji cha jirani huenda kikauita mwaka uleule kwa jina jingine. Ndiyo maana husomwa kwa kulinganishwa, kama tunavyopaswa kuilinganisha hati yoyote ya ofisini.

Nawaomba ndugu zangu watumishi wa umma jambo moja. Makarani wa sensa hutumia orodha ya matukio ya eneo ili kukadiria umri wa wasiojua tarehe zao. Njia hiyo basi serikali inaijua. Itumike pia mzee anapoandikishwa, kabla ya kalamu kuandika 1 Januari. Swali lenyewe ni fupi: Bibi, Uhuru ulipopatikana, ulikuwa umefikia wapi?