Shule za Kando ya Ziwa Baringo

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Baringo huiacha baridi nyuma yake baada ya mwendo mfupi tu. Barabara yapita mashamba ya mkonge ya Mogotio, yavuka mstari wa Ikweta, kisha yateremka katika nchi ya joto, ya migunga na mawe, mpaka Marigat, mwendo wa kilomita zipatazo 100. Hapo ipo mifereji ya Perkerra, iliyoanza kuchimbwa mwaka 1954 kwa kazi ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mbele kidogo, kama kilomita 20, ni Kampi ya Samaki na ziwa lenyewe, ambalo maji yake yana rangi ya udongo.

Wageni wengi huenda huko kutazama ndege na viboko. Lakini mtu mwenye watoto hana budi kuuliza habari za shule, maana katika nchi ile shule zimehama kama wahamavyo wachungaji.

Ziwa Baringo halina mto utokao. Mito ya Molo na Perkerra huingiza maji na matope, na maji hayo hupungua kwa jua na kwa kupenya chini ya miamba. Mvua ikizidi, ziwa halina njia ila kupanuka. Mwaka 2010 lilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 128. Mwaka 2020, baada ya mvua nyingi za mwisho wa 2019 na za mwaka uliofuata, lilifika kama 195. Upande wa kusini, nchi ya Wachamus, ni tambarare tupu, na hapo maji yakipanda kidogo tu hutembea mbali. Katika habari za miaka ile zilitajwa shule za Salabani, Ng'ambo na Leswa miongoni mwa zile zilizoingiliwa.

Wako wasemao kwamba waliojenga pale walikuwa wajinga. Sikubaliani nao. Watu hukaa penye malisho na samaki, na shule hujengwa penye watu. Hata hivyo, mvua kubwa za 1961 ziliinua maziwa mengi ya Afrika Mashariki, na ingefaa wazee waulizwe maji yalifika wapi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Ajabu ya mwaka 2020 ni kwamba maji yalipanda wakati watoto hawapo. Shule zote za Kenya zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Kwingineko walikuta vumbi juu ya madawati. Kandokando ya Baringo wako waliokuta ziwa.

Basi mambo ya kuhamisha shule si mepesi kama yasemwavyo mikutanoni. Mabati huweza kung'olewa na madawati kubebwa, lakini ukuta wa mawe hauhamishiki, wala shimo la choo. Habari ya vyoo husahauliwa sana. Shimo likijaa maji ya ziwa, uchafu wake huenea katika maji yale yale yanayotekwa kwa kunywa, na mtoto aliyeokoka mamba huuguzwa na tumbo. Tena uwanja mpya wataka mtu wa kuutoa, na yule mwenye uwanja mkavu naye ana mbuzi wake.

Hatari kubwa haimo darasani bali njiani. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, naye hurudi alfajiri, saa ile ile mtoto ashikapo njia. Mahali palipokuwa na njia ya miguu pamekuwa maji yenye miti iliyozama, nayo ni maficho mazuri ya mamba. Penye ghuba mpya mtoto huvuka kwa mashua. Kila mashua ya wanafunzi yapasa kuwa na nahodha mtu mzima, hesabu ya abiria, na boya la kuelea kwa kila mtoto.

Na katika ziwa hilo hilo, twiga waliozingirwa na maji upande wa Ruko walivushwa kwa chelezo cha chuma kilichotengenezwa kwa ajili yao, kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021, na magazeti ya dunia yakaandika. Ilikuwa kazi njema, wala simwonei twiga wivu. Ila chelezo cha watoto hakikupigwa picha nyingi hivyo.

Mtu atauliza: kwa nini wasihamie juu, mbali na maji? Hapo ndipo penye fundo. Nchi ya juu, upande wa Mukutani na Arabal, imesumbuliwa na wezi wa mifugo wenye bunduki. Mwaka 2017 watu wa Mukutani walishambuliwa, na wengi wakateremka kuelekea upande wa Marigat. Februari 2023 Serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti sita, Baringo ikiwamo, na ikaahidi kukarabati shule zilizoharibiwa. Akimbiaye bunduki hushuka ziwani. Akimbiaye ziwa hupanda kwenye bunduki. Kwa hiyo kamati ya shule itafutayo uwanja haitoshi kupima maji peke yake. Yapasa iulize pia ni nani alalaye vilima vile usiku, na mtoto wa mwisho atapita wapi jioni.

Mtihani wa darasa la nane wa mwaka 2020 ulifanywa Machi 2021. Watoto wa Salabani na Ng'ambo walipewa karatasi zile zile walizopewa wa Nairobi, kwa saa zile zile.