Uzito wa "Lazima"
Mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mwanafunzi Mkorea alimwambia mwenyeji wake, mwalimu mstaafu aliyechoka, kwa Kiingereza: "You must rest." Alikusudia huruma; mzee akasikia amri. Kosa hilo halikutokana na utovu wa adabu. Katika Kikorea, muundo wa -aya hada huweza kubeba maana za must na should pamoja, na heshima huonyeshwa na viambishi vya mwishoni mwa kitenzi. Kiingereza hakina viambishi hivyo; uzito wote hukiangukia kitenzi kisaidizi.

"Mwanangu," mzee alisema, "lazima ni neno la serikali. Mzazi huambiwa yafaa."

Kesho yake mgeni akaanza upya: "Shikamoo, mzee. Yafaa upumzike."

"Marahaba," mzee akajibu, akaketi.