Mbwa Ndani ya Flashi

Aprili 2014, mvua ya Busia ilipata tundu kwenye bati letu, na katika nyumba nzima ikaamua kudondokea daftari la Mama.

Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake kulikuwa na biashara yote ya Mama: nani amechukua omena, gorogoro ngapi, amelipa nini, amebakisha nini. Mama alinunua omena Port Victoria, akazipandisha matatu hadi Busia, na wateja wake wengi walikuwa wanawake wa ng'ambo, upande wa Uganda, ambako omena huitwa mukene. Walichukua leo, wakalipa wiki ijayo, au ile inayofuata. Wengine walilipa kwa shilingi yetu, wengine kwa yao, na wakati huo moja ya Kenya ilikuwa karibu 30 za Uganda. Kwa hivyo kila ukurasa ulikuwa na safu mbili za hesabu. Majina hayakuwapo. Mama aliandika watu jinsi alivyowaona: "Wa baiskeli." "Mama mapacha." "Kilemba cha kijani."

Tulianika zile karatasi kwenye kamba ya nguo ndani ya nyumba. Wino ulikuwa umeanza kukimbia. Nikamwambia Mama asijali, nitayaingiza yote kwenye kompyuta.

"Kompyuta gani?" akauliza. Na alikuwa na haki ya kuuliza.

Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa Dell nyeusi niliyoinunua Malaba, kwa fundi wa simu aliyekuwa na kibanda karibu na barabara ya malori. Yeye mwenyewe aliipata kwa dereva aliyekwama kwenye foleni ya mpakani hadi pesa ya chakula ikamwishia. Ilikuwa na megabaiti 512 za RAM, betri yake haikushika chaji hata dakika moja, na mahali pa diski kuu palikuwa wazi kama jino lililong'olewa. Fundi aliniambia bila aibu, "Hii ni ya spea." Nilimpa elfu mbili, nikapanda matatu ya kurudi Busia nikiwa nimeipakata kama mtoto.

Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilishika zamu kwenye saiba moja mjini. Kompyuta za pale zote zilitumia Windows XP, na tarehe 8 mwezi huohuo wa Aprili, Microsoft iliacha kuitunza. Mwenye saiba alisema hiyo ni shida ya Wamarekani. Mimi, usiku wateja wakipungua, nilitafuta kujua mashine kuukuu hufanywa nini. Ndipo nikajua kwamba kompyuta haihitaji diski ili iwake. Mwaka 2000 Mjerumani mmoja, Klaus Knopper, alitoa Knoppix, mfumo mzima wa Linux unaoanzia kwenye CD bila kugusa diski ya mashine. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaanzisha Puppy Linux, mdogo zaidi, wa kubebeka. Puppy hujipakia wote ndani ya RAM, ukakaa humo na kufanya kazi humo, na flashi moja ya bei rahisi inautosha. Haulipiwi.

Mtu wa Busia haelezwi jambo hili mara mbili. Neno bodaboda lilizaliwa hapahapa mpakani, tangu enzi za baiskeli za miaka ya 1960 zilizovusha watu na mizigo yao kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda. Abiria hakuhitaji kumiliki baiskeli. Alipanda iliyokuwa karibu, akafika, akashuka na mzigo wake. Mfumo ulio kwenye flashi ni abiria wa namna hiyo. Unapanda kompyuta yoyote na kushuka na mzigo wake. Ila ni sharti uwe umeufunga mzigo, na hilo ndilo sikulisoma.

Nilipakua faili usiku, megabaiti kama mia moja na sitini, nikiomba mtandao usikatike. Jaribio la kwanza nililinakili kwenye flashi ya gigabaiti 4 kama mtu anavyonakili wimbo. Nyumbani, Dell ikanionyesha skrini nyeusi na kusema haikuona chochote cha kuwashia. Si unajua, faili la aina hiyo ni kama gunia lililoshonwa. Usipolifungua, kilicho ndani hakikusaidii. Kesho yake nilitumia programu iitwayo UNetbootin, ambayo hulifungua na kuweka pale mwanzoni mwa flashi kile kipande ambacho kompyuta hukitafuta ikiamka. Nikarudi nyumbani. Nikawasha, nikabonyeza F12 haraka kabla haijaanza kulalamika, nikachagua flashi.

Maandishi yakapita mbio. Kisha zikatokea picha ndogondogo kwenye skrini, na kompyuta ikabweka. Mara mbili. Hivyo ndivyo Puppy husalimia.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mbwa wa nani ameingia?"

Tulicheka mpaka akakaa chini.

Jioni hiyo tulifanya kazi. Nilifungua Gnumeric, programu ya majedwali inayokuja pamoja na Puppy, nikatengeneza safu: mtu, gorogoro, shilingi za Kenya, shilingi za Uganda, baki. Mama alishikilia karatasi karibu na taa na kunisomea palipofifia. Kila baada ya watu watano nilibonyeza kuhifadhi. Nasema hivi kwa sababu baadaye niliambiwa na wajuaji kwamba kosa langu lilikuwa kutohifadhi. Nilihifadhi. Ilipofika saa nne usiku tulikuwa na watu arobaini na mmoja, na kompyuta ikajumlisha yenyewe. Mama aliitazama ile jumla kwa muda. Nadhani hakuwahi kuiona kwa pamoja.

"Sasa hizi karatasi?"

"Hazina kazi tena, Mama."

Akazikunja, akawashia jiko la chai.

Maji hayakuwa yamechemka stima ilipopotea. Busia hiyo si habari, hasa mvua ikinyesha. Dell ikazima papo hapo. Stima iliporudi alfajiri nikaiwasha, ikabweka vizuri kabisa, na hakukuwa na kitu. Hakuna jedwali, hakuna faili, hakuna hata dalili kwamba kuna mtu aliyewahi kukaa pale. Nikatafuta kila folda. Kisha nikasoma nilichopaswa kusoma mwanzoni. Puppy ukiwashwa mara ya kwanza huishi ndani ya RAM peke yake. Kila "hifadhi" niliyobonyeza iliandika humohumo, na RAM ikikosa stima husahau. Ni pale unapouzima kwa utaratibu, mara ya kwanza, ndipo hukuuliza kama unataka kutengeneza faili la kutunzia mambo yako, na liwe na ukubwa gani. Mimi sikuwahi kuuzima. Stima iliuzima kwa niaba yangu.

Nilikaa pale nikimsubiri Mama aamke, na sijawahi kuogopa kumwona mama yangu kama asubuhi ile. Nilikuwa nimechoma mtaji wake kwa mdomo wangu. Karada yetu, karo ya mdogo wangu, kodi ya nyumba, vyote vilikuwa kwenye zile karatasi.

Nilipomwambia hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hiyo mbwa imekufa?"

"Haijakufa. Imesahau."

"Basi andika." Akavuta sinia la omena, akaanza kuchagua mawe, na huku akachagua akasema, "Mama mapacha. Gorogoro kumi na mbili. Amelipa nusu, ya Uganda."

Alisema hivyo kwa muda wa saa moja na nusu, bila kusita. Safari hii kwanza nilikuwa nimezima kwa utaratibu, nikajibu ndiyo, nikatengeneza faili la megabaiti 512, nikawasha upya. Na kila nikimaliza mtu mmoja nilibonyeza ile alama ya kuhifadhi iliyoko kwenye uso wa skrini, ambayo ndiyo huandika kwenye flashi yenyewe.

Mwisho nikahesabu. Walikuwa thelathini na wanne.

Nikadhani amechoka. Nikamkumbusha, maana mimi pia nilikuwa nimewaandika usiku ule na wengine niliwakumbuka. "Mama, wa baiskeli je? Si ilikuwa elfu nne mia tatu?"

"Huyo alizika bwana yake Februari."

"Na kilemba cha kijani?"

Mama aliacha sinia. "Mwaka ule nililazwa ng'ambo, ni nani alinipikia uji wiki mbili? Hiyo uliiona imeandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikataja wa tatu, akatikisa kichwa tu. Wanne waliobaki sikuwauliza.

"Daftari lina shida moja," alisema baadaye, akichuja chai. "Ukishaandika mtu, linakuuliza kuhusu yeye kila siku."

Nilikuwa na uwezo wa kuwaongeza. Mistari saba tu, na jumla ingekaribia ile ya usiku. Sikuwaongeza.

Siku hizi nafanya kazi Malaba, ofisi ndogo ya kuandikia watu makaratasi, malori yakinguruma nje. Mpaka wenyewe umebadilika. Busia kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na mtu hukaguliwa upande mmoja badala ya kusimama pande zote mbili. Kompyuta pia zimebadilika, lakini zilizochoka hazijaisha. Wanafunzi huniletea laptopu ambazo Windows imezishinda, na mimi huwatengenezea flashi. Jambo la kwanza nawaambia, kabla hujaandika hata jina lako, zima. Ujibu ukiulizwa. Kisha nakili lile faili la kutunzia mahali pengine, kwa sababu flashi huanguka kwenye matatu na haina mwenyewe aliyeandikwa juu yake. Sehemu hiyo hawaisikilizi sana. Wanasubiri kubweka.

Mama bado anauza omena, na bado anakopesha. Kila Jumapili ananisomea wiki yake kwa simu, nami naandika. Mara nyingine husema, "Huyo ruka," nami naruka. Tukimaliza huniuliza swali lilelile kabla ya kukata simu.

"Umemfungia mbwa?"

"Nimemfungia, Mama."

"Haya."