Safu niliyoifuta

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mliandika kuuliza kama nimeacha kublogu. La hasha! Nilikuwa nyumbani Asembo Bay kwa Dani, yaani nyanya yangu. Kulikuwa na mvutano wa mpaka ambao nitaueleza hapo chini. Leo basi hakuna lugha ya programu wala mafunzo ya MySQL. Leo ni vibuyu na maboga. Vumilieni kidogo, kompyuta itarudi.

Dani yumo katika kikundi cha akina mama wanaohifadhi mbegu. Waliposikia nimefika, waliniomba niwatengenezee programu ndogo ya simu ya kuandika ni nani ana mbegu gani. Nikaona ni kazi ya siku mbili. Nikachora jedwali: jina la mmea, mwenye mbegu, mwaka alioipata. Halafu, kwa ujuaji wa mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, nikaongeza safu moja ambayo hakuna aliyeniomba: "Mwenyeji?" Jibu ni ndiyo au hapana, basi.

Nilianza na ua wa Dani. Juu ya minyaa ile ile inatambaa mimea miwili. Mmoja ni budho, yaani boga, ambalo majani yake tunayapika na kuyaita susa. Wa pili ni kibuyu, kile kinachopasuliwa katikati kikawa agwata ya kunywea maji. Yote miwili ina vikono vya kujisokota, na yote huzaa maua ya kiume na ya kike mbalimbali katika mmea mmoja. Kweli ni ndugu: familia yao inaitwa Cucurbitaceae, ina spishi zinazokaribia 1,000, na ndiyo familia ya tango, tikitimaji, dodoki na karela. Nikaandika "ndiyo" kwa yote miwili.

Dani akaniuliza, "Nyakwara, nani amekwambia?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo usiku nikakaa kusoma.

Boga ni la jenasi ya Cucurbita, na jenasi hiyo yote asili yake ni Amerika. Mbegu zilizochimbuliwa katika pango moja huko Meksiko zinaonyesha kwamba watu walikuwa wakipanda maboga miaka 10,000 hivi iliyopita. Huku kwetu yalifika baada ya Columbus kuvuka Atlantiki mwaka 1492. Nikabadilisha: hapana.

Kibuyu, Lagenaria siceraria, ni cha Afrika. Lakini mabaki yake ya kale sana yamepatikana Amerika pia, kabla ya meli yoyote ya Mzungu. Kilifikaje? Mwaka 2005 watafiti walisoma DNA ya vibuyu hivyo wakasema vilitoka Asia, vikabebwa na watu. Mwaka 2014 kundi jingine likasoma sehemu kubwa zaidi ya DNA na kusema hapana, vilitoka Afrika, na vilivuka Atlantiki vikielea vyenyewe. Inawezekana, kwani majaribio yaliyochapishwa mwaka 1954 yalionyesha mbegu zikiwa hai baada ya kibuyu kukaa zaidi ya miezi saba katika maji ya bahari. Mtoto yeyote wa Asembo aliyewahi kuponyokwa na kibuyu ziwani anajua kwamba hakizami.

Kibuyu basi ni mwenyeji? Nilidhani nimemaliza. Kisha nikakutana na utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha jeni za karibu kila jenasi ya familia hii. Unasema familia yenyewe ilianzia Asia, na kwamba katika miaka milioni 60 imevuka bahari si chini ya mara 43. Karela nalo, ambalo Kisumu tunalihesabu mboga ya Wahindi, ni la jenasi ya Momordica iliyoanzia Afrika. Tawi lake moja lilivuka kwenda Asia miaka milioni 19 hivi iliyopita. Kila nilipobadilisha mwaka wa kuanzia kuhesabu, jibu la safu yangu liligeuka.

Sasa ule mvutano. Jirani mmoja alikuwa ameng'oa sehemu ya ua wetu, akasema mbele ya wazee kwamba sisi ni jodak. Kwa wasiojua Dholuo, jadak ni mtu aliyepewa mahali pa kukaa katika ardhi ya ukoo usio wake. Jodak ni wengi wao. Ni kweli kwamba babu wa babu yangu alivuka ghuba kutoka upande wa Karachuonyo. Ni kweli pia kwamba Wajaluo wote walikuja huku wakitokea upande wa Sudan, wakiufuata mto Nile. Dani aliolewa hapa akiwa na miaka 17, na amemzika mumewe na watoto wawili katika boma hili.

Siku ya tatu nilimwonyesha Dani programu. Nikamsomea kila safu. Tulipofika ile ya "Mwenyeji?", akanyamaza, kisha akasema, "Na sisi, utatuandika nini?"

Niliifuta pale pale, akiniangalia. Badala yake niliweka safu mbili, "Ilitoka wapi" na "Ilifika lini", na ya pili inakubali makadirio. Dani akataka ya tatu: "Nani ameitunza." Hiyo ndiyo iliyojaa kwanza, kwa sababu akina mama walikuwa na majibu yake bila kwenda kusoma popote.

Kesi ya mpaka bado iko kwa wazee na sijui itaishaje. Nilipoondoka, Dani alikuwa ameshachomeka vijiti vipya vya mnyaa pale palipong'olewa, na chini yake amepanda mbegu za kibuyu na za budho. Amenituma nimletee na za karela.

Wenzangu waundaji programu, kagueni hifadhidata zenu. Kama kuna safu ya ndiyo au hapana inayohusu asili ya mtu, niambieni mliijaza kwa kuanzia mwaka gani. Tuonane wiki ijayo, nikijaliwa umeme.