Nilimdai Mvuvi Sadaka Wakati wa Kusi

Nawasalimu nyote, mlio hapa kisiwani, mlio Likoni mkisubiri feri, na ninyi mlioko Doha na Riyadh ambao kila wiki mwaniuliza mbona pasta kanyamaza.

Leo sina mahubiri. Nina jambo nililolifanya mwaka 2016, na kila mwezi wa Juni upepo ukianza kupiga madirisha ya ukumbi wetu hunirudia. Wengine wenu mlikuwepo. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Tulikuwa bado katika ule ukumbi wa kukodi karibu na Tononoka. Kodi ilikuwa imetushinda miezi miwili, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kunipigia simu usiku. Miongoni mwetu kulikuwa na ndugu mmoja mvuvi. Jina lake silitaji, ingawa ameniruhusu nisimulie. Huyu ndugu kuanzia Novemba hadi Machi alikuwa wa kwanza kutoa. Fungu la kumi lake lilikuja likinuka samaki, noti zimelowa, na mweka hazina wetu alikuwa akizianika juu ya meza tukicheka. Lakini ilipofika Mei akapunguza. Juni hakuleta kitu. Jumapili moja ya Julai nikapanda madhabahuni nikiwa na hasira ya kodi, nikahubiri juu ya watu wanaokuja mbele za Bwana mikono mitupu. Nikasema wapo wanaomkumbuka Mungu akiwapa na kumsahau wakishashiba. Na nikamtazama. Mpendwa, mhubiri anajua vizuri anapomtazama mtu, na mtu naye anajua.

Wiki iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Mkewe alikuja na mtoto, wakakaa nyuma karibu na mlango, wakaondoka kabla ya maombi ya mwisho.

Wiki ya nne nikaenda kumtafuta. Nilijua anavulia upande wa Mji wa Kale, kwa hiyo nikashuka kutoka Fort Jesus, nikafuata Ndia Kuu mpaka soko la samaki pale Bandari ya Kale. Nilitarajia makelele. Nikakuta meza nyingi tupu na paka wamelala. Kando kulikuwa na mzee mmoja wa Kiislamu, kofia kichwani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafunga ndoana mpya kwenye mshipi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikamweleza ninayemtafuta.

"Kijana wako yuko Marikiti," akasema. "Asukuma mkokoteni."

Nikamuuliza, kwa nini mkokoteni, yeye si mvuvi? Hapo ndipo aliponitazama.

"Pasta, wewe wakaa Mombasa miaka mingapi?"

"Tisa, mzee."

"Na hujui kuwa hii ni kusi?"

Nililijua neno. Kulijua neno ni kitu kimoja. Miaka tisa nilikuwa nanunua samaki, kila Julai nalalamika kwamba changu amepanda bei, na sikuwahi hata siku moja kuuliza sababu. Mzee akaacha ndoana zake akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza, na nilistahili.

Kaskazi, akasema, huanza kuvuma kama Novemba na kuendelea mpaka Machi. Bahari hutulia, maji huwa safi, na hata mwenye mtumbwi anaweza kutoka nje ya mwamba akafuata nguru na jodari. Upepo huo ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi katika bandari ile ile tuliyokuwa tumekaa. Halafu huja maleleji, siku za pepo zisizo na msimamo, na kuanzia Aprili kusi inashika njia pamoja na mvua za masika. Juni, Julai na Agosti ndiyo kali yake. Ukisimama Mama Ngina siku hizo utaona mwamba mzima umekuwa mweupe kwa mawimbi. Wenye vyombo vikubwa vya mashine huenda. Mwenye chombo kidogo hubaki ndani, mkono wa bahari wa Tudor au chini ya daraja la Nyali, akitafuta tafi na changu wadogo wa kitoweo. Na hata huko ndani bado hajawa huru, maana mwezi nao una amri yake: siku za bamvua maji hukimbia mno, chubwi haikai chini, mshipi wapelekwa tu. Hungoja maji mafu.

"Sasa hesabu mwenyewe siku zake za kazi," akasema mzee, akarudi kwenye ndoana.

Nilipokuwa nahesabu, wapendwa, nilisikia kitu kinanishika kooni. Kwa sababu mimi nilipaswa kujua kuliko wote. Wengi mnajua nimetoka bara, lakini sijawahi kuwaambia baba yangu alifanya kazi gani. Baba alikuwa akiishi kwa samaki pia.

Nimezaliwa upande wa Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, kule ambako mito ya Sagana na Thego inashuka ikiwa baridi hata mguu unakufa ganzi. Katika mito ile kuna samaki anayeitwa trauti. Si wa kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Uskoti, trauti wakatiwa katika mto Gura kule Aberdare, na baadaye wakasambazwa mito mingine ya milimani. Samaki huyu hataki maji ya moto. Huku Pwani hawezi kuishi. Wageni walikuja kumvua kwa fimbo ndefu, na baba alikuwa akiwabebea mikoba na kuwaonyesha vidimbwi.

Nilikuwa nikimfuata likizo za shule. Wale wavuvi hawatumii nyungunyungu. Hutumia ndoana ndogo sana iliyofungwa manyoya ya ndege na uzi, ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Baba alinionyesha kwamba trauti hukaa ameelekea mto unakotoka, anangoja maji yamletee chakula. Kwa hiyo wewe waingia kutoka chini, nyuma yake, polepole, kivuli chako kisimwangukie. Na huyu ni samaki anayekula kwa macho. Masika yakianza, kuanzia Machi mwishoni, udongo ukaingia mtoni na maji yakawa kama chai ya maziwa, hata uwe bingwa wa dunia utarudi na kikapu kitupu, kwa maana haoni ulichomrushia. Wageni walilijua hilo. Hawakuja. Nao wasipokuja, baba hakuwa na mshahara.

Aprili na Mei nyumbani kwetu tulikula viazi. Miezi ile ile, mwaiona? Mto unapochafuka Kiganjo, ndipo kusi inapofunga bahari Mombasa.

Sasa sikiliza lililonifanya nilie pale sokoni mbele ya mzee wa watu. Mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, tulikuwa kanisani, ni Mei, na mzee mmoja wa kanisa akasimama na daftari akasoma majina ya wasiokuwa wametoa ahadi zao za ujenzi. La baba lilikuwa la tatu. Baba alisubiri wimbo, akatoka kwa adabu, akanifunga kifungo cha shati pale nje, tukaenda nyumbani. Hakuingia tena kanisani. Alifariki mwaka 2004, nami nikiwa tayari nimeokoka na nahubiri, na nilimsihi miaka yote hiyo. Jibu lake lilikuwa moja: "Mungu namjua, ni daftari nisilolitaka."

Nami, mtoto wake, nimemfanyia mtu mwingine vile vile, tena mbele ya mtoto wake.

Naomba ufungue Biblia yako Mathayo 17, kuanzia mstari wa 24. Tunapenda kuhubiri samaki wa Luka 5, nyavu zikipasuka, kwa sababu ni samaki wengi. Huyu wa Mathayo ni mmoja tu, na nadhani ndipo mahali pekee katika Injili ambapo Petro anaambiwa avue kwa ndoana badala ya wavu. Kapernaumu, watoza kodi ya hekalu wanamkabili Petro: mwalimu wako halipi? Petro anajibu haraka kwamba hulipa. Anaingia nyumbani, na kabla hajafungua kinywa, Yesu ameshaanza kulisema lile jambo. Angalia anachofanya. Anayedai ni hekalu la Baba yake mwenyewe. Hamwambii Petro atafute pesa, wala hamwulizi ameweka nini akiba. Anamtuma baharini na ndoana, samaki wa kwanza, kinywani kuna sarafu, akalipe kwa ajili ya wote wawili.

Nilikuwa nimehubiri kifungu hicho mara nyingi kama muujiza wa pesa. Siku ile, nikipanda kutoka bandarini, nilikisoma nikiwa upande wa mlangoni, na yule mwenye daftari. Deni lilipofika kwa mvuvi, Bwana alilichukua nusu yake na akatoa yote. Mimi deni la kodi lilikuwa langu, la kanisa, nikamtwika mtu ambaye bahari ilikuwa imefungwa mbele yake.

Nilimkuta Marikiti, mkokoteni umejaa magunia ya vitunguu, jasho linamtiririka. Nikaanza kuomba msamaha. Akaniambia, "Pasta, baadaye. Mwenye mzigo angoja." Nikamsaidia kusukuma kutoka hapo mpaka Makupa, na sikuwa na nguvu ya kusema, jambo ambalo naona sasa lilikuwa neema. Tulipofika alinunua maji ya baridi, akanipa mimi kwanza. Ndipo nikamwambia yote, pamoja na habari za baba. Alinyamaza muda mrefu. Akasema amenisamehe lakini kurudi atarudi mwenyewe, nisimtumie wazee wa kanisa.

Alirudi Desemba. Alikuja na mfungo wa changu kwenye gazeti akauacha kwa mweka hazina bila kusema neno. Mimi nilikula wawili.

Kile mnachokiita kibubu cha kusi kilianzia hapo. Wengi wenu mlidhani ni wazo la kamati. Wazo ni la yule ndugu. Alisema: wakati wa kaskazi mimi ninacho, nipokeeni kidogo mkifungie, na Juni mumpe aliyekwama, huenda nikawa mimi. Tukagundua wavuvi hawako peke yao. Kuna wapishi na wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi wanaoambiwa wakae nyumbani Aprili hadi Juni watalii wakipungua. Kuna wauza madafu, maana mvua ikinyesha nani anataka dafu? Kuna walimu wa mkataba shule zikifungwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaona Machi wakiimba na Juni wakinyamaza, nikidhani ni mambo ya kiroho.

Baadhi yenu mmeniuliza kama sasa nimeacha kufundisha utoaji. Sijaacha. Jumapili ijayo nitafundisha. Ila daftari la majina halisomwi madhabahuni, na halitasomwa nikiwa hai.

Kama ulitoka kanisa letu, au kanisa lolote, siku mtu alipokutazama nilivyomtazama yule ndugu, nakuomba msamaha kwa sehemu yangu. Sikuhimizi urudi Jumapili hii. Niandikie tu.

Kibubu tutakifungua Jumapili baada ya ibada ya pili. Hutasimamishwa, hutaulizwa mbele ya watu. Mwone mama wa ofisini, au nitumie ujumbe kando usiku huu. Simu yangu iko wazi mpaka saa tano. Wale wenye chombo kidogo, msitoke nje ya mwamba wiki hii. Mmeusikia upepo wenyewe.