Mashua ya mtu asiyevua samaki

Leo sina habari ya barabara ya taifa namba 5 wala ya bei ya mpunga. Leo nawaletea yangu mwenyewe, kwa sababu wako watu hapa Luberizi wanaosema mwandishi wa redio amerukwa na akili: amenunua mashua na hakai kando ya ziwa.

Wanasema kweli. Sisi ni watu wa bonde. Maji yetu ni ya Ruzizi na ya mifereji ya mpunga. Ziwa tunalikuta Uvira. Lakini kazi ilinipeleka Kalundu mara nyingi, na nikimaliza kurekodi nilikuwa nabaki nimekaa juu ya mawe, nikitazama mashua za tanga zikirudi. Mota unaisikia kabla ya kuiona. Tanga unashtukia limeshafika.

Kiangazi cha 2019, mzee mmoja mvuvi akaniambia anauza yake, mita 7 hivi, mlingoti ukiwa mzima. Akataka dola 400. Nilikuwa na 350, na hizo zilikuwa za kununua manjanja ya nyumba. Tukapatana kwa hizo 350. Akauliza, "Mwanangu, utavua ndagala ao mukeke?" Nikamjibu sitavua. Akanitazama sana, halafu akahesabu pesa mara ya pili.

Mama watoto hakusema neno. Wanaume mliooa mnaujua ukimya huo.

Kosa langu lilikuwa rangi. Mashua ilikuwa imepakwa buluu mpya, nami nikafurahi kama mtoto. Fundi niliyemwita baadaye hakuitazama hata kidogo hiyo rangi. Alitoa kisu kidogo, akawa anachoma ubao mmoja baada ya mwingine ndani, chini kabisa, pale maji yanapolala. Ubao mzuri unakataa kisu. Zangu tatu zilikipokea kama mkate. "Kaka," akasema, "rangi ni ya kuuzia."

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua, nenda na fundi kabla ya kutoa pesa, si baada. Tazama misumari: kutu ikichuruzika kutoka kwenye kichwa cha msumari, ujue ndani kuna kazi. Ila usiikimbie mashua kwa sababu inaingiza maji siku ya kwanza. Ikikaa juu ya mchanga muda mrefu, mbao hukauka na kuachana. Iache majini siku mbili tatu inywe maji, ivimbe, ndipo uihukumu. Tanga bovu na kamba mbovu visikutishe, vinanunuliwa. Mbavu na uti wa mgongo ndivyo vitakavyokumaliza.

Mimi vilinimaliza. Mbao, misumari, pamba ya kuziba nafasi, turubai la tanga jipya, mkono wa fundi, mlinzi wa usiku: mwaka haujaisha, dola 300 zingine zimekwenda. Mota sikuigusa. Hata iliyotumika ingenipita uwezo, halafu kila safari inadai mafuta. Upepo haujaniletea fakture hata siku moja.

Nikichekwa kwa uzee wa chombo changu, naitaja Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924, ikaanza tena kazi 1927, na ikabeba watu kwenye ziwa hili miaka na miaka. Ni kweli, mafundi wake hawakulipwa kwa mshahara wa redio.

Mzee alinifundisha kwamba kiangazi upepo wa kusini si wa kuchezea: toka mapema, rudi kabla mawimbi hayajaamka. Siku moja ya Julai nilijifanya mjuzi, nikatoka na mdogo wangu saa nne za asubuhi. Upepo ukaja, kamba ya tanga ikang'ang'ania, mashua ikalala ubavu mpaka maji yakaingia. Nilikata kamba kwa kisu. Chini yetu kulikuwa na ziwa ambalo mahali penye kina kirefu lina mita 1,470. Mdogo wangu hajui kuogelea. Kuanzia siku hiyo jile mbili za kuelea hazitoki ndani ya mashua, na sijamwambia mama yetu mpaka leo, kwa hiyo anayemjua afunge mdomo.

Mwaka 2021 ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za watu Kalundu, mchanga nilipokuwa naivutia mashua ulipotea chini ya maji. Wiki ile ndipo ilifanya kazi ya kweli: tulibeba magodoro, sufuria, na mbuzi mmoja aliyelia njia nzima. Wenye nyumba hawakuniuliza tena kama navua.

Mama watoto alisikia. Jumapili moja akasema, bila kunitazama, kwamba anataka kuona ni kitu gani kilikula manjanja yake. Tukashuka Uvira asubuhi sana. Nilimkalisha mbele, nikapandisha tanga, milima ikaanza kusogea nyuma polepole.

"Na hapa tunafanya nini?" akauliza.

"Hakuna."

Akanyamaza kidogo, mkono wake ukiwa majini. Halafu akatazama miguuni pake.

"Kumbe na hii inavuja kama nyumba," akasema, akachukua kopo, akaanza kuchota huku akicheka.